Uzinduzi wa Birika Lisilolia

Siku ile birika lilipiga filimbi mpaka likaishiwa maji. Mimi nilikuwa uani naanika nguo, mume wangu alikuwa sebuleni kwenye kiti chake. Nikamwita kupitia dirisha kama nilivyomwita tangu tuoane: "Baba, linakuita." Filimbi ikaendelea. Nikamwita tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeshika shuka lililolowa kwa mikono miwili na vibanio mdomoni. Kisha filimbi ikafifia, ikawa kama mtu anayehema, ikanyamaza yenyewe. Ndipo nilipoingia ndani.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakuhisi chochote. Sikumwuliza amejuaje.

Nyumbani kwetu birika lilikuwa lake. Alifanya kazi kiwanda cha mabirika, idara ya filimbi. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza maji, kuwasha, kusikiliza, kukubali au kukataa. Wenzake walimwita Fundi Filimbi. Ungedhani mtu anayesikiliza mabirika yakilia kutwa nzima, akifika nyumbani angeziba masikio. Yeye hakuwahi kuliacha letu lilie kwa muda. Alisema birika ni kama mtoto mchanga, ukichelewa linajifunza kwamba huji.

Miezi michache kabla hajafariki, kiwanda kilitengeneza birika la umeme lisilolia kabisa. Linachemsha, linajizima, basi. Idara ya filimbi ikafungwa na yeye akahamishiwa kwenye maboksi. Nilipomwuliza kama imemuuma, alijibu, "Dunia inataka kimya, mke wangu. Naielewa. Nimeishi na wewe."

Baada ya mazishi, wifi yangu, dada wa marehemu, alihamia kwangu kwa kisingizio cha kunipikia. Wifi hajui kupika. Anajua kusema, na nyumba yangu wakati ule ilihitaji hilo zaidi.

Tulikuwa wawili jikoni siku Mkuu wa Masoko wa kiwanda alipokuja kutoa pole. Alikuwa mtu wa adabu, viatu safi, anayezungumza kama anasoma maandishi yaliyoko nyuma ya kichwa chako. Alisifu nyumba, akasifu chai ya wifi (kosa lake mwenyewe), kisha akasema, "Mama, mzee yumo kwenye video yetu. Tuliwarekodi wafanyakazi kwa ajili ya uzinduzi wa birika jipya. Anacheka vizuri sana."

Niliweka kikombe chini. Mume wangu hakupenda kamera. Picha zake zote nilizonazo amesimama wima, mikono ubavuni, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Hakuna hata moja ambayo anacheka. Na sauti yake sikuwa nayo popote.

"Anasema kitu?" nikauliza.

"Anasema."

"Naiomba hiyo video."

Akatazama dari. "Kwa sasa ni mali ya kampuni, mama. Baada ya uzinduzi nitamwomba Mwenyekiti mwenyewe, na uzinduzi ukienda vizuri hawezi kukataa. Lakini kabla ya hapo, mwongozaji wetu angependa kukuona. Anatafuta hadithi."

Alipoondoka, wifi alimwaga chai iliyobaki kwenye sinki. "Umeona, wifi? Sauti ya kaka yangu imewekwa rehani."

Mwongozaji alikuwa mtu wa filamu. Kampuni ilimwajiri kwa sababu Mwenyekiti alichoka na uzinduzi wa hotuba na riboni. Alitaka uzinduzi wa kusisimua, watu watoke wamefuta machozi na wameagiza bidhaa. Wafanyakazi wa ukumbi walimwita Kata, kwa kuwa ndilo neno alilolitumia zaidi. Alitukaribisha jukwaani, akatuketisha kwenye viti vya plastiki, akashika mikono yangu miwili.

"Pole sana, mama. Sasa nisikilize. Hadithi yoyote nzuri ina mambo matatu. Kuna mtu. Mtu huyo anapoteza kitu. Mwisho anapata kitu."

"Huyu wa kwenu kapoteza nini?" wifi akauliza, ingawa alijua.

"Mume."

"Na anapata nini?"

"Birika."

Wifi akanigeukia. "Wifi, huyo mwanamke kapunjwa."

Kata hakucheka. Alitueleza hadithi yote huku akitembea. Jukwaani jiko dogo, mwanamke peke yake, vikombe viwili na kiti kitupu. Mwanga wa bluu, kama alfajiri, na ukungu kidogo kutoka kwenye mashine ya moshi. Kwanza tunasikia filimbi ya birika la zamani: hayo ni maumivu. Halafu mwanamke anawasha birika jipya. Lina taa ndogo ya bluu inayozimika maji yakichemka. Taa ikizimika, mwanamke anatabasamu kwa mara ya kwanza, muziki unapasuka, na skrini kubwa inaandika: *Kimya Kinachokuelewa.*

"Hicho ni cha makaburini," wifi akasema.

"Na huyo mwanamke," Kata akaniambia, "ni wewe."

Nilikubali. Sikuwa na haja ya jukwaa, nilikuwa na haja ya video, na mtu mwenye haja hachagui mlango.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilikaa kwenye meza, nikaambiwa nikitazame kile kiti na kumkumbuka marehemu. Nikakitazama. Kilikuwa kiti kipya, wakati kiti cha mume wangu kimebonyea upande mmoja, kwa sababu alikalia mguu wake kama mtoto wa shule. Nikawa nafikiria jinsi nilivyokuwa nikimwonya kwamba ataharibu goti.

"Kata," akasema Mwongozaji. "Mama, utaanza lini?"

"Nilishaanza."

Akaja akachuchumaa mbele yangu. "Huzuni yako ni ya kweli, mama, wala sikatai. Lakini haifiki viti vya nyuma."

Kesho yake akaletwa mwigizaji. Alikuwa binti mpole na mwenye heshima, aliyeweza kuanza kulia kwa jicho la kushoto kama kamera iko kushoto. Mimi nikapewa cheo cha mshauri wa uhalisia. Wifi alipokisikia alinipa mkono. "Hongera. Sasa wewe ni mjane wa akiba."

Binti aliichukua kazi yake kwa moyo. Wakati wa mapumziko alinijia na kuketi karibu. "Mama, naomba uniambie. Siku ile ulilia vipi?"

"Sikulia. Nilikwenda kuzima jiko."

Akafikiri kidogo. "Hiyo mwongozaji hataikubali."

"Najua, mwanangu."

Nilimfundisha nilichoweza: jinsi ya kumimina bila kumwagia sahani, jinsi ya kukisogeza kikombe cha pili bila kukitazama. Vikombe vyenyewe vilikuwa vyangu, Kata aliviomba nyumbani. Kile cha mume wangu kilikuwa kizima, hakina hata ufa. Mafundi wa jukwaa walikigonga mdomo kidogo ili kionekane cha marehemu. Waliniomba radhi, na nikasema si kitu. Nilitaka jambo lao lifanikiwe kuliko hata Mwenyekiti alivyotaka.

Kisha Kata akaikata video.

Ilikuwa ioneshwe mwanzoni. Aliitazama mara moja kwenye chumba cha mitambo, mlango wazi, mimi nikiwa kwenye korido nimebeba vikombe. Niliona mwanga tu ukicheza ukutani. Sauti ilikuwa imezimwa.

"Toa," akamwambia fundi wa picha. "Anatazama kamera. Mtu akitazama kamera, watazamaji wanakumbuka kwamba wanatazama. Halafu anacheka. Marehemu akicheka, nani atamsikitikia?"

Nilimfuata Mkuu wa Masoko mpaka kwenye gari lake. Akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba video isiyotumika haiingii kwenye kumbukumbu za kampuni; uzinduzi ukiisha, mabaki yote hufutwa kupata nafasi.

"Sasa Mwenyekiti utamwomba nini?" nikamwuliza.

"Ndiyo hapo, mama," akasema, akafunga kioo taratibu.

Nilirudi kwa fundi wa picha. Alikuwa mtu mnene wa maneno machache, anayekula karanga gizani. "Shemeji," aliniita hivyo kwa sababu alimjua mume wangu kidogo, walikuwa wakinunua gazeti kibanda kimoja. "Nikikupa, kazi sina. Ila sijaifuta. Nimeiweka pembeni. Nikiambiwa nifute, nitafuta. Bado sijaambiwa."

Hilo ndilo tumaini nililoingia nalo kwenye uzinduzi: kwamba mambo yakienda vizuri sana, furaha ya wakubwa ingeweza kunifikia kabla ya mtu kumkumbusha yule fundi kufuta.

Na mambo yalikuwa yamepangwa kweli. Kila mtu alijua atasimama wapi na taa ipi itamfuata. Kitu kimoja tu hatukuwahi kukifanya mazoezini. Kila binti alipofika kwenye swichi ya birika, Kata alisema, "Kata. Tuseme limechemka," na tukarukia tabasamu. Kwenye filamu maji huchemka papo hapo. Hakuna aliyeliona hilo, wala mimi sikuliona. Nilikuwa nawaza video.

Uzinduzi ulifanyika mchana, mapazia yamefungwa kabisa. Wenye maduka walikuja, waandishi, wakubwa wa kiwanda na wake zao. Mimi na wifi tulikaa mstari wa pili, nyuma ya Mwenyekiti, mzee mzito wa mabega aliyejaza kiti chake na nusu ya kiti cha jirani.

Taa zikazimwa. Filimbi ya birika la zamani ikalia gizani kutoka pande zote za ukumbi, na wifi akanishika goti. Nadhani alidhani ningenyanyuka.

Kisha alfajiri ya bluu. Binti alikuwa mezani, nguo nyeusi, vikombe viwili, ukungu miguuni. Alikuwa mzuri kweli. Akakitazama kiti. Jicho la kushoto likatoa chozi. Akaleta birika jipya, limejazwa mpaka juu, maana Kata alitaka kumimina kuwe kwa muda mrefu, kwa ajili ya picha. Akabonyeza swichi. Taa ndogo ikawaka.

Tukangoja.

Muziki ukafika mwisho ukaisha, kwa kuwa ulikuwa umepimwa kwa maji ya filamu. Binti akalia kwa jicho la kulia. Akapanga vikombe. Akavipangua. Akavipanga tena kama vilivyokuwa mwanzo. Pembeni ya pazia nilimwona Kata na redio yake ya mkononi, mdomo unacheza, na sijui alikuwa anamwambia nani, kwa sababu hakuna aliyekuwa na la kufanya. Wote waliagizwa wangoje taa ya bluu izimike. Na jukwaa zima lilikuwa la bluu: meza ya bluu, binti wa bluu, birika la bluu lenye nukta yake ya bluu ambayo hata mwenye macho ya paka asingeiona. Mvuke ukatoka ukajiunga na moshi wa mashine. Maji yakachemka, birika likajizima. Hakuna aliyejua. Lazima nikubali kwamba lilikuwa birika zuri. Walisema halitatoa sauti na halikutoa.

Kimya kikakaa. Mtu akakohoa, akajikatiza katikati ya kikohozi.

Ndipo Mwenyekiti aliponyanyuka. Alisimama polepole, akafunga kifungo cha koti, akainamisha kichwa. Mzee yule alikuwa amehudhuria mikutano mingi maishani, na akiona watu wamenyamaza muda mrefu mbele ya kiti kitupu, alijua kinachotakiwa. Wakubwa wa kiwanda wakasimama. Wake zao wakasimama. Kisha nyuma yetu viti vikasikika mstari kwa mstari, mpaka ukumbi wote ulikuwa umesimama, vichwa chini.

"Wanafanya nini hawa?" wifi akaninong'oneza.

"Nadhani wanamkumbuka."

"Nani?"

"Kaka yako."

Wifi akajitanda kanga yake vizuri. Akasimama. Nami nikasimama. Kwenye mazishi watu walizungumza sana. Walimsifu kwa mambo ambayo hakuwahi kuyafanya, na mmoja alikosea hata umri wake. Hapa watu wasiomjua, walioalikwa kununua mabirika, walimnyamazia vizuri kuliko sisi tuliomjua.

Fundi wa picha alinieleza baadaye. Anasema alitazama chini kutoka kwenye chumba chake, akaona watu wote wamesimama kwa heshima ya marehemu, na skrini tupu. Aliona aibu. Akatafuta alichonacho.

Mume wangu akatokea ukutani, mrefu kuliko mlango wa ukumbi. Alikuwa kiwandani, mbele ya maboksi, kofia ya kazi imekaa upande. Sauti ya mtu asiyeonekana ikamwuliza, "Mzee, unalionaje birika jipya?"

Akatazama kamera. Alitutazama sisi.

"Hili jipya zuri," akasema. "Zuri. Ila nyumbani kwangu, birika likilia, mimi ndiye nanyanyuka. Mke wangu hanyanyuki. Ananiambia, 'Baba, linakuita.' Sasa hili," akaligonga boksi kwa kidole, "hili halitaniita. Nitajuaje kama ananitaka?"

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kile kile, cha kuanza puani na kuishia mabegani, na nilikuwa nimeshaanza kukisahau.

Ukumbi ukacheka naye, kicheko cha watu wanaotafuta leso. Binti jukwaani naye aligeuka akatazama skrini, akacheka kama msichana yeyote, akasahau yuko wapi, akaegemeza mkono kwenye birika.

"Aa," akasema kwa sauti yake ya kawaida, akipuliza vidole. "Limeshachemka."

Nimehudhuria shughuli kadhaa tangu nizaliwe, sijawahi kusikia makofi kama yale. Muziki ukapasuka, skrini ikaandika maneno yake, watu wakapanda jukwaani kumiminiwa chai. Kata alitoka nyuma ya pazia uso umelowa jasho, akakumbatiwa na Mwenyekiti. Nilikuwa karibu nikamsikia akisema, "Kile kimya kilikuwa hatari kubwa, mheshimiwa. Lakini mimi huwaamini watazamaji wangu." Magazeti yaliandika kwamba ni mtu wa kwanza kuthubutu kusimamisha uzinduzi mzima kwa ajili ya mfanyakazi wa kawaida. Nasikia sasa anafundisha.

Mkuu wa Masoko alitimiza ahadi. Alikuja mwenyewe na video kwenye flashi ndogo, ndani ya bahasha nzuri, pamoja na mabirika mawili mapya. "Mwenyekiti ameipenda mno," akasema. "Mzee ndiye atakuwa tangazo letu." Akaeleza kwamba wataitumia kwenye televisheni na madukani, na nadhani aliposema hivyo alitegemea nifurahi, na nilifurahi. Video ilikuwa mkononi mwangu. Hakuna ambaye angeifuta tena.

Duka la vyombo vya umeme liko kona ya mtaa wetu, na dirishani zimepangwa televisheni, kubwa na ndogo. Mume wangu yumo kwenye zote. "Hili jipya zuri," anasema. "Zuri." Kisha anacheka, na bei inatokea. Yaliyobaki wameyakata. Yule ambaye hakupenda kamera anacheka pale tangu duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa, na watu wananipa pole na hongera kwa pumzi moja.

Wifi akitoka sokoni hupitia pale. "Nimemsalimia kaka," anasema akiweka kapu chini.

"Anasemaje?"

"Anasema hili jipya zuri."

"Mwongo."

"Tangu utotoni."

Flashi naiweka kwenye kikombe chake kilichogongwa mdomo. Jioni nyingine tunaitazama yote, na kila mara wifi hunigeukia pale kaka yake anaposema mkewe hanyanyuki. Mabirika mapya yamo kwenye maboksi yao juu ya kabati.

Asubuhi nachemsha maji kwa lile la zamani. Siku ile liliungua chini, na filimbi yake imekuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua, lakini inafika mpaka uani. Likilia, wifi ananiita kutoka chumbani kwake, bila kutoka kitandani:

"Wifi, linakuita."

Nanyanyuka.